Siku Chuma Kinapolala

Kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, Fundi Valji Mistri alivua viatu mlangoni mwa banda la msumeno, akaingia miguu mitupu juu ya unga wa mbao, akagusa chuma kwa ncha za vidole, kisha akajigusa paji la uso. Halafu aliinua viganja vyote viwili mbele ya picha iliyotundikwa juu ya meza yake ya kunolea, picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe aliyeshika fimbo ya kupimia, akasema maneno machache kwa lugha ya kwao. Iwe mvua, iwe jua, maneno yalikuwa yale yale.

Watiri, aliyefagia banda hilo na kumfulia mzee nguo zake, alikaa muda mrefu bila kuuliza. Siku alipouliza, alijuta.

"Huyu ni fundi wa dunia yote," mzee alisema, akionyesha picha kwa kidevu. "Sisi mafundi ni watoto yake. Mimi namwambia, mikono hii si yangu, ni yako. Mimi naazima tu. Siku unataka, chukua."

 Mgongoni Watiri alikuwa na Ngendo, mtoto wake wa kwanza, ambaye mikono yake ilikuwa nje ya shuka ikimvuta mama nywele za kisogoni. Watiri aliishika ile mikono, mmoja baada ya mwingine, akaiingiza ndani ya shuka na kukaza fundo kifuani. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yake. Mzee akiinua viganja, yeye anaficha vya mtoto, kama mtu anavyofunika unga matone ya kwanza yakianguka. Mungu anayeambiwa "chukua" kila kunapokucha si wa kuonyeshwa mikono ovyo.

Kiwanda hicho cha mbao kilikuwa juu ya Kiganjo, pale mashamba yanapokoma na msitu wa mlima unapoanza. Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru. Watu walikuwa wakijenga kila mahali, shule, makanisa, maghala, na kila aliyejenga alitaka mbao. Fundi Valji alifika huko kijana, kutoka nchi ya Wahindi iitwayo Kachchh, ambako baba yake na babu yake walikuwa maseremala. Madari ya maduka mengi ya Nyeri mjini yalipita mikononi mwake. Mkewe alifia huko huko Nyeri. Wanawe walikwenda Ulaya, na baada yao mwenye kiwanda wa zamani, Mhindi mwenzake, naye akafunga mizigo. Valji alibaki katika nyumba yake ya mabati chini ya kiwanda, peke yake na birika lake la chai.

"Kwa nini hauendi na wenzako, Fundi?" wafanyakazi walimwuliza.

"Kazi bado haijasema enda."

Walimwita Daktari wa Meno, kwa sababu shughuli yake kubwa ilikuwa kuyatibu meno ya msumeno. Na msumeno wenyewe haukuwa wa mkono. Ulikuwa ukanda mrefu wa chuma, wenye meno upande mmoja, uliozungushwa juu ya magurudumu mawili, moja juu kupita kichwa cha mtu, jingine limezama shimoni. Injini ya dizeli ilivuta mkanda wa ngozi, mkanda ukazungusha magurudumu, na chuma kikakimbia hata jicho lisikione. Gogo la mtarakwa lililowatoa wanaume jasho kulisogeza lilifunguka mbele yake kama mkate.

Aliyesimama karibu zaidi na meno hayo, akilisukuma gogo, alikuwa Theuri, mume wa Watiri.

Kwa hiyo Watiri aliujua msumeno kwa sikio. Ukiwa mzima uliimba sauti moja, nyembamba, ndefu, isiyopanda wala kushuka. Akiwa shambani akipalilia viazi, au mtoni akifua, sikio lake moja lilibaki huko juu. Wimbo ukiendelea, Baba Ngendo ni mzima. Ukikatika, jembe lake nalo lilisimama hewani mpaka uanze tena.

Baba yake Watiri alikuwa mhunzi huko Tetu. Alikulia pembeni mwa tanuri, akijua kwamba nyundo ya mhunzi hairukwi, kwamba mgeni hagusi mivukuto, na kwamba laana ya mhunzi akiitamka juu ya chuma haina mganga, ila yeye mwenyewe aiondoe kwa damu ya kondoo. Ndiyo maana mambo ya Fundi Valji hayakumshangaza kama yalivyowashangaza wengine. Chuma ni chuma. Kila aliyeishi nacho ana namna yake ya kukiomba radhi.

Namna moja ya Valji ilikuwa hii. Mwezi ukifa, siku ile mbingu haina mwezi kabisa, kwao huitwa amas, na fundi wa ukoo wao hagusi chombo. Tangu jua litoke mpaka lizame alikaa nyumbani kwa nguo nyeupe, amefunga, haongei. Hata kisu hakushika. Alimenya ndizi kwa vidole, akala jioni. Mwenye kiwanda wa zamani alikuwa wa desturi hiyo hiyo, kwa hiyo kiwanda kizima kilipumzika, na wafanyakazi wakaitumia siku hiyo kulima.

Jioni moja ya kuamkia siku hiyo, Watiri alikuwa akizoa unga wa mbao alipomwona fundi amepanda ngazi hadi gurudumu la juu. Aliliosha kwa maji, akalipangusa kama mtu anayempangusa mtoto masikio. Kisha akashika spana akaizungusha skrubu kubwa inayolikaza gurudumu, akaizungusha kinyume. Chuma kilitoa mlio mdogo, kama pumzi. Akashuka, akatoa mfukoni uzi mwekundu, akaufunga kwenye mti wa kuhamishia mkanda, ule unaovutwa ili injini iyashike magurudumu.

"Unafungua nini, Fundi?"

"Wewe ukizaa huyu ulifunga tumbo na kitambaa?"

"Nilifunga. Mama alinikaza mpaka nikashindwa kumeza uji."

"Na usiku ukitaka kulala?"

"Nililegeza kidogo."

"Basi. Chuma pia. Inavutwa mwezi mzima. Ukiiacha imevutwa, ndani yake inapasuka polepole, wewe hauoni. Leo nimelegeza, alale. Kesho kutwa, mapema, kabla watu wanakuja, mimi nakaza tena."

"Na uzi?"

"Uzi ni kusema huyu amelala. Mtu akiona uzi, anaacha."

Watiri alicheka kidogo, akaendelea kuzoa. Kwa macho chuma kilikuwa kama kawaida, kimekaa juu ya magurudumu yake, kinameta. Alilichukua jambo hilo kama la sala za mzee, mamoja na kuvua viatu na kufunga, akaliacha hapo hapo bandani. Hakumwambia hata mumewe. Nani humwambia mumewe namna jirani anavyosali?

Kisha kiwanda kikapata mwenyewe mpya. Alikuwa Bwana Mathenge, mfanyabiashara wa Nyeri, mtu mnene mcheshi aliyependa kusimama mikono kiunoni akitazama magogo kama ng'ombe wake. Hakuwa mbaya. Wafanyakazi wote aliwaacha kazini, na Valji alimwita Mzee. Unyapara alimwachia Peterson Wamae, ambaye alikuwa ameokoka majuzi na wokovu wake ulikuwa bado wa moto. Wamae hakuipenda ile picha ya bandani. Akipita mbele yake aligeuza uso na kukohoa.

Ni Wamae aliyemwambia tajiri habari za siku ya mwezi. Mathenge alikuja mwenyewe bandani, jioni ya kuamkia siku hiyo, akiwa bado na cheko.

"Fundi, nasikia ati chuma inalala?"

"Inalala, Bwana Mathenge. Siku moja kwa mwezi."

"Na mke wangu akisikia hivyo si atataka yake?"

Wanaume walicheka. Wamae akaongeza, "Hiyo chuma iko na usingizi kushinda mtoto ya Theuri."

"Mtoto ya Theuri halali," Theuri alisema. "Uliza mimi."

Wakacheka tena, hata fundi. Kisha Mathenge akapunguza sauti. "Mzee, sikiza. Mbao za ghala ya mpunga zinangojwa Wang'uru. Mvuno iko karibu. Hiyo mambo ya mwezi ilikuwa ya bwana wa zamani. Sasa ni uhuru."

"Uhuru ya watu," Valji alisema taratibu. "Chuma bado."

Mathenge alimtazama, akatikisa kichwa, akampiga bega. "Haya, ilale. Lakini ikiamka iamke na nguvu."

Watiri, aliyekuwa na ufagio mlangoni, alishusha pumzi. Lakini alimwona Mathenge akimwita Wamae kando ya gari, akasikia alivyomwambia kabla ya kufunga mlango: "Wewe ndiye macho yangu hapa. Lori ikija, isikae bure."

Wamae alisimama pale mpaka vumbi la gari likatua. Siku zile mlima ulikuwa umejificha kwenye mawingu, wiki hata haijulikani ya ngapi, na watu walikuwa wameacha kuinua macho kuutafuta.

Asubuhi yake Theuri aliamka akavaa nguo za kazi.

"Unaenda wapi? Leo si ya fundi?"

"Nimeitwa. Lori imefika mapema." Alichukua kiazi kitamu kilicholala, akakigawanya, akampa Ngendo kipande cha kufyonza. "Fundi ako na mungu wake, sisi tuko na Wamae."

"Na fundi amekubali?"

"Wamae anasema mambo imeongewa." Akamgusa mtoto pua, akainama chini ya mlango, akaenda.

Watiri alijifunga mtoto mgongoni akapanda, nyuma kidogo ya mumewe. Kulikuwa na ukungu, na kutoka msituni pelele walikuwa wakilia, wanyama wale ambao hulia usiku. Kuwasikia mchana kulimtia baridi shingoni. Alipofika uani kwa fundi akamkuta Wamae anatoka huko, panga mkononi.

"Mama Ngendo, Mungu asifiwe."

"Asifiwe. Umeamkia kwa Fundi?"

"Nimemwambia aje awashe. Ameketi tu mbele ya sanamu yake, anatikisa kichwa. Leo hata kuku hasalimii." Alijipangusa mikono kwenye suruali. "Lakini kazi tunaijua. Na ule uchawi wake nimeutoa bandani, nimemrudishia kwa takataka zake, kwa jina la Yesu. Wewe umekuwa ukifagia karibu na kitu kama hiyo na mtoto mgongoni. Ogopa."

Akapanda kuelekea bandani, akiimba wimbo wa injili kwa sauti ya chini. Watiri alibeba ndoo ya majivu kwenda kuimwaga kwenye shimo la taka pale uani. Humo, juu ya maganda ya ndizi, uzi mwekundu ulikuwa umelala, umekatwa kwa panga, fundo lake bado zima.

Aliutazama. Kwanza aliona uzi tu. Halafu akaona spana ikizunguka kinyume, akasikia kile chuma kikishusha pumzi. *Chuma imelala. Hakuna aliyeikaza.* Huko juu injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika.

Kwenda bandani kulikuwa mbali zaidi, tena mlima, na injini ikishanguruma hakuna anayemsikia mwanamke anayepiga kelele kwenye ukungu. Injini ilikuwa na kawaida ya kuachwa ipate joto kabla ya mkanda kuhamishwa. Watiri aliokota uzi, akakimbilia mlango wa fundi, akaingia bila hodi.

Valji alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, nguo nyeupe, miguu amekunja, macho amefumba. Mbele yake taa ndogo ya samli ilikuwa ikiwaka, na vyombo vyake vyote vya mkono, tupa, nyundo, randa, patasi, vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa, kila kimoja na alama nyekundu. Watiri hakujua maneno ya kuanzia. Akaushusha uzi mkekani.

"Fundi. Wamekata. Wanaiamsha, na Baba Ngendo ako mbele yake."

Mzee alifumbua macho. Aliutazama uzi, akaitazama mikono yake, iliyokuwa imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Siku ya amas, tangu utotoni, hakuwahi kugusa chuma. Nje injini ilikuwa imeanza kulainika, sauti ya kitu kilicho tayari.

Valji aliunganisha viganja, akasema maneno yale ya kila asubuhi. Safari hii aliyasema kwa Kiswahili, labda kwa sababu Watiri alikuwepo, labda hakujua kwamba anafanya hivyo.

"Kazi ni yako. Siku ni yako. Mikono ni yako. Mimi naenda."

Akainuka. Watu wote walimjua kuwa ni mzee asiyekimbia, aliyesema kwamba fundi mwenye haraka huacha kidole nyuma. Siku hiyo alikimbia, nguo nyeupe ameikusanya mkononi, miguu mitupu juu ya vipande vya magome, na Watiri nyuma yake, mtoto akirukaruka mgongoni.

Walipofika mlangoni Wamae alikuwa ameshika ule mti. Theuri alikuwa ameegemeza bega kwenye gogo. Valji aliinua mkono. Wamae alimwona, hakuna mtu baadaye aliyekataa kwamba alimwona. Lakini yeye aliona mzee aliyekuja kutetea sanamu yake, akavuta.

Magurudumu yakageuka. Msumeno ukaanza kuimba, na Watiri akajua kwamba si wimbo. Ilikuwa sauti inayoyumba, inayopigapiga, kama mabati wakati wa upepo. Theuri naye aliisikia. Aligeuza kichwa, uso wake wa mtu anayejaribu kukumbuka neno.

"Kushoto!" fundi alipiga kelele. Alikuwa amekwisha kumfikia. Alimsukuma Theuri kwa kifua, upande ambao chuma kisingeangukia, na kwa mwendo huo huo mkono wake wa kulia ukaenda kwenye ule mti, pale pale uzi ulipokuwa, akausukuma kwa nguvu zote kuurudisha. Mkanda ukatoka. Lakini chuma kilikuwa kimekwisha kuteleza juu ya gurudumu. Kikashuka kama nyoka anayeanguka toka mtini, kikajikunja, kikapiga nguzo, kikapiga sakafu, kikalala.

Injini iliendelea kunguruma peke yake, haivuti kitu.

Theuri alikuwa chini, kushoto, mzima, amejaa unga wa mbao mpaka kwenye kope. Valji alikuwa amesimama, bado ameegemea ule mti. Aliutazama mkono wake wa kulia kwa utulivu, kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwingine. Kidole gumba kilikuwepo. Vingine havikuwepo.

Watiri hakukumbuka akifungua fundo. Alikumbuka tu kwamba shuka ya kumbebea mtoto ilikuwa mkononi mwake, kwamba aliuzungushia mkono wa mzee, akauzungushia tena, akakaza kama mama yake alivyomkaza yeye tumbo, na wekundu bado ukapenya. Mtoto alikuwa amemketisha chini kwenye unga wa mbao. Alipogeuka kumtafuta, akamkuta Ngendo ameinua mikono yake miwili mitupu kuelekea ukutani, ambako ile picha yenye ndevu nyeupe ilikuwa bado imetundikwa, haijatikisika hata kidogo. Alitaka abebwe tu. Lakini Watiri alimnyakua kwa nguvu mpaka akalia.

Wakampeleka mzee hospitali Nyeri kwa lori lile lile lililokuja kuchukua mbao. Wamae alibaki bandani kwa magoti, akiomba kwa sauti kubwa, na hakuna aliyepiga magoti pamoja naye.

Mathenge alipokuja aliuliza ni nani aliyewaambia wawashe. Wamae alisema mambo yalikuwa yameongewa. Aliuliza kama kulikuwa na alama yoyote. Wanaume walitazama chini. Watiri alikuwa na uzi, aliourudia mkekani, kwenye pindo la nguo yake, na aliusikia pale kama kaa la moto, lakini fundi alikuwa amekwisha kumwambia jambo kitandani, hospitalini, huku Theuri akimnywesha chai.

"Usiseme nani amekata."

"Kwa nini, Fundi? Yeye ndiye amekuharibu."

"Mimi kila siku nilisema chukua. Wewe umesikia. Sasa amechukua, nimwite mwizi?" Alifumba macho. "Na nilifanya kazi siku ya kulala. Yote ni haki. Mume yako ako na vidole ngapi?"

"Yote," Theuri alisema, akashusha kikombe cha chai.

"Basi ilikuwa kazi nzuri."

Kwa hiyo Watiri alinyamaza, na mzee akanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikomkondesha Wamae. Kama wangemshtaki angejitetea. Kama wangemtukana angewasamehe mbele ya kanisa. Lakini mzee alirudi toka hospitali, akampita njiani, akamwambia "Habari ya asubuhi, Wamae," akaenda zake. Wamae alikuwa ameokoka, lakini alizaliwa kabla ya kuokoka, na alichojua tangu utotoni juu ya watu wa chuma wokovu ulikuwa haujakifikia. Mtu wa chuma uliyemkosea asipokutukana, ni kwamba amekwisha kusema, amekiambia chuma. Akaanza kuacha chakula. Kila jembe lililomteleza mkononi, kila msumari uliomchoma kiatu, alisimama kuutazama.

Asubuhi moja alitokea uani kwa fundi akivuta kondoo dume mnene, asiye na doa. Watiri alikuwa akianika nguo.

"Mama Ngendo, wewe ni mtoto wa mhunzi," alisema bila kumtazama. "Mwambie aichinje. Mwambie aniondolee."

Watiri aliingia kumweleza mzee. Ilimchukua muda Valji kuelewa, na alipoelewa alitoka nje akiwa na mshangao wa kweli. Mtu huyo alikuwa hali nyama, alikuwa akikwepa hata mchwa njiani.

"Wamae, mimi nichinje nini? Mimi sina kitu juu yako."

"Fundi, usinifanyie hivyo. Chukua."

Waliposikia neno hilo, Watiri na mzee walitazamana.

 Valji akaishika kamba ya kondoo kwa mkono wa kushoto. "Haya. Nimechukua. Enda, kula."

Wamae alisubiri kisu. Hakuona kisu. Mzee alimwongoza kondoo hadi kwenye nyasi nyuma ya banda, akamfungua kamba, akamwacha ale. Na huko ndiko kondoo huyo alikoishi. Alinenepa, manyoya yakamfunika macho, na hakuna mtu kati ya Kiganjo na msitu aliyethubutu kumgusa, kwa maana hakuna aliyejua amebeba nini. Wamae alirudia kula, kidogo, lakini hakuwahi kupita nyuma ya banda tena. Laana iliyoondolewa bila damu, aliwaambia watu, haijulikani kama imeondoka au imekaa tu inachunga.

Kazi ya meno ilimwangukia Theuri. Valji alisimama nyuma yake akiwa ameweka mkono mbovu kifuani, akimwambia asiangalie, asikilize. Theuri alikuwa mtu wa kanisa la Presibiteri, hakuvua viatu wala hakugusa paji la uso. Lakini Watiri alimwona siku moja, alipodhani yuko peke yake, akivua kofia mlangoni mwa banda kabla ya kuingia. Mwezi ulipokufa tena, ni Mathenge mwenyewe aliyetuma ujumbe kwamba kiwanda kilale, na Theuri akapanda ngazi na spana. Akamwuliza mkewe kama bado anao ule uzi. Akauunga pale panga lilipokata, fundo la zamani akaliacha lilivyo, akaufunga.

Fundi Valji aliishi miaka mingine juu ya Kiganjo, na wanawe walipomwita aliwajibu vile vile. Kila asubuhi alivua viatu, akagusa chuma kwa mkono wa kushoto, akainua viganja mbele ya picha, kimoja kizima na kingine nusu.

"Bado unamwambia achukue?" Watiri alimwuliza asubuhi moja.

"Nusu imetangulia," mzee alisema. "Nusu itajua njia."

Ngendo alikuwa sasa anatembea, na alikuwa katika umri wa kuiga kila kitu. Asubuhi hiyo alisimama kando ya mzee, akatazama juu alipotazama, akainua mikono yake midogo yenye matope. Watiri alivuka banda kwa hatua mbili, akaishika, akaifunika ndani ya nguo yake.

Valji alicheka kwa upole. "Usiogope, mama. Huyu haombi kitu. Anapokea tu kile tunatoa."

Watiri alitabasamu kwa heshima, lakini hakuiachilia ile mikono. Huko nje injini ikakohoa, ikashika, mkanda ukahama, na msumeno ukaanza kuimba. Alisimama akisikiliza, vidole vya mtoto vikifurukuta juu ya tumbo lake, akingoja kujua kama sauti ni ile ile.